Mama Sipokei

Alunguli, Kindu
Ijumaa, tarehe 14 Juni 2024

Mpendwa mwanangu Jacqueline,

Kwanza chukua salamu zangu, kabla sijakupa sababu ya kuninunia. Hujambo wewe? Hawajambo watoto na baba yao? Na kile kifua chako, ambacho kila mwezi wa sita kinakukumbusha kwamba hukuzaliwa kwenye baridi? Najua huko Lubumbashi sasa mnalala na blanketi mbili na asubuhi midomo inapasuka. Jipake mawese, usione haya mbele ya majirani. Mawese ndiyo yaliyokulea.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Goti langu la kushoto linatabiri mvua ambayo haitakuja, maana kiangazi kimeshaingia. Asubuhi ukungu unalala juu ya mto mpaka jua lipande, na ukisimama hapa kwetu Alunguli huoni kabisa mji wa ng'ambo. Unasikia tu watu wakiitana, kasia, jogoo, pikipiki moja inayokataa kuwaka. Mara nyingine nasimama pale na ndoo mkononi nikasahau nilifuata nini. Naona kama mji wote haujaumbwa bado, kama unangoja mtu autaje ndipo utokee. Uzee huo, usinicheke.

Keshokutwa ni Idi. Mbuzi tumempata, mwembamba, ana macho ya mwalimu mkuu. Mama yako, dada yangu, amekwisha kuja kumtazama, akamwekea mkono kichwani, akamwombea. Nilimwuliza anamwombea mbuzi nini. Akanijibu kwamba anamwombea aende vizuri. Ndiye huyo mama yako, hajabadilika.

Nakwandikia badala ya kupiga simu kwa sababu ua wa matete unaotutenga mimi naye hauzuii neno lolote, na ninayotaka kukuambia ni yake. Tena simu yetu ya mwisho iliniumiza. Ulisema neno moja nami sikukujibu, nikasingizia rezo ya simu imekatika. Haikukatika. Ulisema, "Mama iko na mutoto moja tu, mama mudogo, na ule mutoto alikufa vita." Nimelala na neno hilo, nimeamka nalo, nimetwanga nalo majani ya sombe. Barua hii ndiyo jibu lake, basi usiisome umesimama. Keti.

Uliniomba nimkalie dada yangu mpaka akubali matanga ya kaka yako Okito yafanyike, ili binti ya Okito, Espérance wetu, aolewe. Unaijua desturi ya ukoo wa baba yenu. Mahari ya mtoto mwenye baba hupokelewa na baba mwenyewe. Mahari ya yatima hupokelewa na mdogo wa baba au wa babu, lakini baada ya baba kuliliwa. Sasa yupo kijana, Aimé, wa Lokandu, mwenye mtumbwi wa injini anayeshusha mchele na kupandisha samaki, mpole, meno yote anayo. Tangu mwaka jana wazee wake wanaulizia njia. Baba yenu mdogo Jacques akasema yeye hawezi kupokea mahari ya mtu ambaye hajaliliwa, mwenyewe akirudi atamwambia nini? Na mama yako akasema Okito yu hai, yuko njiani.

Kwa hiyo Espérance hakuwa na baba, na yatima pia hakuwa. Mtoto wa watu akakaa hivyo hivyo, anafua, anapika, anakwenda kuchota maji, na Aimé anapita mtoni taratibu kuliko injini yake inavyotaka.

Wewe ulikwisha kwenda Lubumbashi wakati ule, treni iliyokupeleka ilikuwa kati ya zile za mwisho kabla reli haijafa. Mambo ya hapa uliyasikia vipande vipande, kila mtu akakupa kipande kilichompendeza. Ngoja nikupe chote.

Ilikuwa mwaka 2002, njaa tupu. Njia zote zilikuwa na watu wa bunduki, wa huku na wa kule, na sisi katikati. Wanaume wenye nguvu walifunga sabuni na vitenge kwenye baiskeli, wakaingia msituni kutafuta mchele na mawese. Unakumbuka baiskeli zile, zimefungwa fimbo kwenye usukani na fimbo nyingine nyuma ya mzigo, mtu hapandi, anasukuma tu. Na unakumbuka mtu akifika nyumbani hawezi kuiachia, maana akiiachia mzigo wote unaanguka. Anasimama uani ameishika, jasho linatiririka, anaita, "Nani anapokea?" Mpaka mtu wa nyumba atoke, ashike, aseme "Napokea," ndipo yule anyooshe mgongo. Watoto wadogo walikuwa wanagombea kusema neno lile.

Okito alitoka asubuhi ya ukungu kama huu wa leo, na mwenzake Édouard, wakashika njia ya kwenda mji wa Kama. Nathalie mkewe alikuwa na mimba ya Espérance. Mama yako alimsindikiza mpaka mwisho wa avenyu, kisha akarudi akiimba.

Alikuwa amekwisha kuokoka. Nakumbuka watu walivyomcheka hata kabla ya yote. Sisi tulizaliwa kwa baba mmoja, Mwislamu, mimi nikaitwa Aïcha na yeye Mwajuma. Akaolewa na marehemu baba yenu, mtu wa reli, akabatizwa Émilienne. Njaa ya vita ilipokuja akaingia kikundi cha maombi cha Mchungaji Mardochée, waliokuwa wanakutana mchana kwenye ghala bovu lisilo na milango, akazamishwa mtoni upya. Majirani wakasema Émilienne anapita dini kama stesheni, hatujui atashukia wapi. Mimi nilisema acheni, mwenye njaa hachaguliwi wimbo.

Édouard alirudi peke yake, bila baiskeli, miguu imevimba. Alisema kabla ya Kama walifika mto mdogo alfajiri, ukungu umefunga, risasi zikaanza upande mmoja. Kila mtu aliacha mzigo akakimbia. Okito hakuacha. Aliingia majini ameshika baiskeli yake. Édouard alijificha ng'ambo akamwita mpaka jua likatoka na ukungu ukaondoka, na pale mtoni hapakuwa na mtu wala baiskeli.

Wanawake wa avenyu walikuwa wamejaa uani, maana mtu anayerudi peke yake hahitaji kusema mengi. Nathalie alikwisha kuanguka chini. Mikono ilikuwa vichwani, kilio kimeanza. Mimi mdomo wangu ulikuwa wazi tayari. Mama yako alikuwa anatwanga. Akaweka mchi chini polepole, akainua mkono.

"Habari hiyo miye sipokei," akasema. "Kwa jina la Yesu, sipokei. Murudi kwenu. Hapa hakuna matanga."

Jacqueline, sijawahi kusikia kimya kama kile. Kilio kilikatwa katikati, na kilio kikikatwa hakina pa kwenda. Wanawake wale walikuwa wamekuja na huruma yote, katika mwaka ambao hapakuwa na kitu kingine cha kuleta, naye aliwarudisha nayo mlangoni. Walifunga vitambaa vyao wakaenda. Hapo ndipo chuki ilipoanza. Watu wanafikiri majirani wanawachukia waliookoka kwa sababu ya makelele. Makelele watu wanayazoea. Avenyu yetu haikumsamehe mama yako kile kimya.

Unajua kwao neno lina nguvu. Ukiambiwa baya ukanyamaza, umelipokea. Ukisema "sipokei," umelirudisha lilikotoka. Basi akawa hivyo kwa kila kitu. Ukimwambia pole na uchovu, uchovu hapokei. Ukimwambia mawingu yamekuwa mazito, na yeye ana nguo kwenye kamba, mvua haipokei, na nguo zinalowa. Wakamwita Mama Sipokei. Mwanzo walimwita mgongoni, kisha usoni. Watoto wa shule, mwalimu akitaja sifuri, darasa zima linajibu "sipokei." Hata msikitini kwetu, mtu akileta habari kwamba mchele umepanda bei, mmoja ananong'ona lile neno na safu nzima mabega yanatikisika. Mimi pia nilicheka, astaghafirullahi.

Na hakukaa nyumbani na imani yake, hapana, aliitoa nje. Sokoni alisimama kwenye ngazi akatangaza kwamba Yesu yu karibu, wauza samaki wakasogeza mabeseni kama mtu anayeona mvua inakuja. Kwenye mtumbwi alihubiri toka ukingo huu hadi ule, na hapo huna pa kukimbilia. Walipopata kipaza sauti kanisani, mkuu wa avenyu, shefu wetu, alikuja kulalamika mara nyingi hata akazoea chai ya pale. Mwezi wa Ramadhani aliniletea uji wa kufuturu, mzuri, una tangawizi, halafu akasimama mlangoni kuniombea niokoke kabla haujapoa. Uji ukapoa. Nilimwambia, yaya, dada yangu mkubwa, Mungu amekusikia, sasa na mimi niache nile.

Lakini nikueleze lingine ambalo hukulisikia, maana vitu vya namna hii havisafiri. Mwaka fulani walipokea mgeni kanisani kwao, nabii, viatu vyeupe, sauti ya kukwaruza. Watu kama hao ndio wanaowaharibia jina wenzao. Wanakula kuku wa mjane, wanaondoka wakiacha ugomvi. Katikati ya ibada akamnyooshea kidole mtoto wa jirani yetu, mdogo, mwenye degedege, akasema huyu ni mchawi, ndiye anayefunga riziki ya avenyu. Watu walinyamaza. Mama wa mtoto alinyamaza. Mama yako aliinuka kwenye benchi la mbele, mbele ya mchungaji wake na kipaza sauti chao, akasema "Sipokei," akamshika yule mtoto mkono, wakatoka. Alimlaza kwake mpaka nabii alipoondoka mjini.

Wiki ile hakuna aliyemcheka. Walikuja kuazima chumvi ambayo hawakuihitaji. Halafu wakasahau, wakaanza tena. Ndivyo watu walivyo, nami ni mmoja wao. Mtu akisema kwa sauti tunamwonea haya, na siku tunapohitaji mtu wa kusema kwa sauti tunamtafuta yeye.

Na kila alfajiri, mwanangu, miaka yote hii, kabla muadhini wetu hajamaliza, anaomba uani. Ua ni wa matete, nimekwambia. Avenyu nzima inaijua sala ile, watoto wanaisema wakiruka kamba. "Bwana, mulinde Okito kule njiani. Mulinde Jacqueline kule Lubumbashi." Okito kwanza, kisha wewe. Najua ulipokuwa unapiga simu alianza na jina la kaka yako, nawe ukakata. Najua umekaa muda mrefu sasa bila kumpigia. Sikulaumu. Aliye mbali anasikia jina la kwanza tu.

Nathalie alingoja, maskini, akachoka. Alipotaka kuolewa tena watu walisema Mama Sipokei atamfunga kamba. Hakumfunga. Alimpa kitenge kipya, akamwambia aende, Espérance abaki. Nilishangaa. Nilimwuliza, kama mwanao yu hai mbona unamwachia mkewe? Akaniambia imani ni yake, si ya Nathalie. Hapo nilijua ndani ya ukaidi ule kulikuwa na chumba ambacho hatufunguliwi.

Sasa twende kwenye lile uliloniomba. Nilijaribu, wallahi. Nilimkalia mara nyingi. Nilimweleza kwa dini yake, nikamweleza kwa dini yangu, nikamweleza kwa desturi ya baba yenu. Kila mara neno lile lile. Wazee wa Lokandu wakaanza kunong'ona kwamba nyumba ya watu wa maombi ni nyumba ya makelele, kijana ataoa mke pamoja na kipaza sauti. Mimi nilikuwa nimekata tamaa.

Aliyeuliza ni Espérance. Si kwa hasira. Walikuwa wanachambua mchele, mimi nipo ninasuka ukili, na mtoto hakuinua hata macho kwenye ungo.

"Koko," akamwambia nyanya yake, "miye ni yatima ao siko yatima? Uniambie tu. Nikijua, nitakaa vile."

Dada yangu, mtu wa maneno yote yale, akasogeza ungo karibu. Aliendelea kuchambua. Baadaye nikaona anatupa mchele na kuhifadhi mawe.

Asubuhi iliyofuata alikuja kwangu, ukungu bado umefunga, hakuita hodi. Alikaa kwenye kigoda changu. Akaniambia ameota. Ndoto za mama yako nimezisikia nyingi, simba, ngazi, bahari ambayo hajawahi kuiona, na huwa anazisema amesimama. Hii aliisema ameketi, kwa sauti ndogo, tena kwa jina la utoto wetu, akiniita Aïcha wa mama.

Aliota yuko uani kwake, ukungu umeingia mpaka ndani ya sufuria. Akasikia kengele ya baiskeli. Okito akatokea, kijana vile vile, shati lile lile, anasukuma. Mzigo ulikuwa mkubwa, umezidi kimo chake, umefungwa kamba za matete. Alikuwa amechoka, Jacqueline, dada yangu alinionyesha kwa mabega yake namna alivyochoka. Alisimama pale anaposimama mtu wa baiskeli, ameshika fimbo na usukani, hawezi kuachia. Akauliza kama wanavyouliza, "Mama, nani anapokea?"

Na mama yako ndani ya ndoto akafungua mdomo, na kwa mazoea ya miaka yote ile akajibu, "Sipokei."

Okito hakukasirika. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtoto mwenye adabu aliyeambiwa asubiri, akaendelea kusimama ameshika mzigo. Ndipo mama yako alipoamka.

Alinitazama kwa macho yale ya alipokuwa msichana. Alisema, "Aïcha, tangu siku ile njo miye namusimamisha."

Nilimshika mikono. Mto ulikuwa unapita nje bila kuonekana, na sisi vikongwe wawili tulikaa mpaka ukungu ukatoka mlangoni. Kisha akainuka. Akaenda kwake, akafagia ua, na mimi sikujua ameamua nini.

Jumamosi iliyopita watu wa Lokandu, waliochoka kuulizia njia, walikuja. Walivuka wamekaa kwenye mtumbwi wa Aimé, nguo nadhifu, viatu mkononi. Mbele yao alikuwa mjomba wa kijana, mzee Onema, mtu wa maneno machache na kofia ya zamani. Avenyu yote ilikuwepo, nusu kwa kututakia heri, nusu kuja kuona Mama Sipokei atawafukuza vipi wageni. Wengine walikaa karibu na mlango kabisa ili wasikose. Wenzake wa maombi walikaa upande wa pili na Mchungaji Mardochée wao, na kati ya pande hizo mbili paliachwa nafasi ya mtu kupita bila kugusa yeyote. Espérance alikuwa ndani na mimi, ameshika upindo wa kanga yangu kama mtoto.

Mbuzi wakafungwa, vitenge vikawekwa juu ya mkeka, na chumvi, na jembe. Mzee Onema akavua kofia. Akasema walichokuja kusema. Kisha akauliza kama inavyoulizwa siku zote, nami sijui kwa nini sikuwa nimelitambua mapema kwamba ni swali lile lile.

"Nani anapokea?"

Baba yenu mdogo Jacques akatazama chini. Watu wakageuka kumtazama mama yako. Nilimwona kijana mmoja pale mlangoni amekwisha kuumba lile neno mdomoni, anangoja tu alitangulie kwa kicheko.

Mama yako aliinuka. Alikwenda mpaka kwenye mkeka, akainama, akaweka mikono yote miwili juu ya mahari, namna unavyomshikia mtu baiskeli.

"Napokea," akasema. "Mahari ya mutoto, napokea." Hakuondoa mikono. "Na ile habari Édouard alileta, napokea pia."

Akafungua kitambaa cha kichwa, akakiweka begani, akaketi chini.

Mwanangu, hatukujua la kufanya. Mahari ikipokelewa wanawake tunapiga vigelegele. Kifo kikipokelewa tunalia. Neno lilikuwa moja na lilitufikia sote kwa wakati mmoja. Wengine walianza vigelegele, vikageuka kilio kooni. Wengine walianza kilio, wakaona mbuzi, wakapiga vigelegele. Wale wanawake wa mwaka ule, waliobaki, wamezeeka, walijiweka mikono kichwani wakamalizia pale pale walipokatwa. Mimi ile sauti niliyoimeza siku ile ilitoka yenyewe, wala sikuitambua. Kijana wa mlangoni alifunika uso kwa kofia yake. Espérance alitoka ndani bila kuitwa, akaenda akakaa chini karibu na koko yake, akalia kilio cha yatima, kilio chake cha kwanza, tena cha haki. Na Aimé alilia, ingawa hakumjua Okito, na hapo mzee Onema akamwambia aketi na watu wa nyumba.

Baadaye baba yenu mdogo alichukua mbuzi kama inavyotakiwa, na mambo mengine yakapita sawa. Wali uliungua.

Usifikiri wote wamefurahi. Majirani ndiyo, sasa wanasema Émilienne ni mtu kama watu, wanamletea maharage. Lakini kwao kanisani wako wanaonung'unika kwamba amerudi nyuma, ushuhuda wake wa miaka yote umeanguka kwa ajili ya mbuzi. Mchungaji Mardochée alikuja kumwuliza kwa upole kama imani imepungua. Nilikuwa upande wangu wa matete, sikutega sikio, sikio lenyewe lilikuwepo. Dada yangu alimjibu kwamba Mungu alikwisha kumpokea Okito zamani, aliyechelewa ni yeye. Mchungaji akaomba maji, akaenda zake.

Matanga ya kaka yako tumeyaweka Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, na ndoa itafuata. Espérance anasema shangazi yake ndiye wa kumfunga kitambaa, hataki mwingine. Wewe ndiye shangazi, hana wa pili. Mimi sikuamrishi. Nakwambia tu tarehe.

Unisalimie mume wako, na watoto mmoja mmoja, hasa yule wa mwisho anayefanana na baba yenu masikio. Huku wanakusalimu baba yenu mdogo Jacques, Espérance, Aimé ambaye anaanza kukuita mama mkwe kabla ya wakati, na Nathalie aliyetuma salamu zake kutoka ndoa yake ya pili. Édouard pia alikuja kuhani. Barua nampa Mama Princesse wa hapa jirani, anayepanda ndege Jumanne. Mungu wa baba yetu, ambaye ndiye wa mama yako na wangu, akufungulie njia, akufunike na baridi hiyo, akutunzie wanao mpaka wakuzike wao.

Mimi ni yule yule akupendaye tangu ulipokuwa wa kubebwa mgongoni,

Mama yako mdogo,
Aïcha

Nimefungua bahasha tena leo Jumatatu, Idi imepita, mbuzi alikwenda vizuri kama alivyoombewa. Nimesahau jambo moja, au labda niliogopa kuliandika mpaka niisikie sala yake tena. Tangu Jumamosi ile ya mahari mama yako hakuomba uani, na avenyu ilikuwa inaamka vibaya, watu wanauliza kama anaumwa, hata shefu aliuliza. Leo alfajiri ameanza tena. Nilikuwa naswali, nikakosea rakaa, Mungu anisamehe. Alisema, "Bwana, mulinde," akanyamaza kadiri ya kutaja jina moja. Kisha akasema, "Jacqueline." Akasema tena, "Jacqueline." Halafu sikusikia jina lingine.